KOMPYUTA MOJA, WATU WENGI: NAMNA YA KUHIFADHI FAILI ZA FARAGHA NYUMBANI

Wananchi wanafahamishwa kuwa kompyuta inayotumiwa na watu wa nyumba nzima ni chombo chenye manufaa makubwa, lakini pia ni chombo kinachoweza kufichua siri ya mtu kwa mwenziwe bila ya yeyote kukusudia. Makala haya yanaeleza namna siri hizo zinavyovuja na hatua ambazo kila familia inaweza kuzichukua kwa gharama ndogo, au bila ya gharama yoyote.

Mfano unaotumika hapa ni wa Gare, katika Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza kwa nini mfano usitafutwe hapa hapa Unguja au Pemba. Sababu ni mbili. Kwanza, hali ya nyumba za huko haina tofauti kubwa na hali ya nyumba za shehia zetu: jamaa huishi pamoja, mgeni hafukuzwi, na kifaa alichokinunua mmoja hutumiwa na wote. Pili, Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya mwaka 2015, inatumika katika pande zote mbili za Muungano. Kwa hivyo linalomhusu mkaazi wa Gare katika jambo hili linamhusu pia mkaazi wa Wete na wa Makunduchi.

NYUMBA YA MFANO

Gare ipo katika milima ya Usambara ya Magharibi, karibu na mji wa Lushoto. Ni mahali pa wakulima wa mboga, viazi, maharage na matunda. Ni mahali pia penye historia ndefu ya elimu, kwani wamisionari Wakatoliki wa shirika la Watrapisti walifungua misheni yao hapo mwishoni mwa karne ya 19. Waislamu na Wakristo wanaishi jirani, na mtoto aliyesoma ni tegemeo la nyumba nzima.

Ichukuliwe nyumba moja ya aina hiyo. Baba ni mwalimu mstaafu. Mama ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama. Binti amemaliza kidato cha sita na anaomba mkopo wa elimu ya juu. Yupo kijana wa skuli ya sekondari, wapo wajukuu wawili, na yupo mjomba anayekuja na kuondoka. Kompyuta ni moja, ipo mezani sebuleni, na neno la siri ni moja ambalo kila mtu analijua. Wajukuu wenyewe wanalijua, kwa sababu ndio wa mwanzo kuiwasha wanaporudi skuli.

Ndani ya kompyuta hiyo baba ameweka nakala ya wasia wake, ambao hajataka kuuzungumza na watoto. Mama ameweka daftari la kikoba, lenye jina la kila mwanachama, hisa zake, mkopo wake na siku aliyochelewa kulipa. Binti ameweka nakala za vyeti vyake, cheti cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho na picha ya mdhamini wake, kwa kuwa maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hufanywa kwa njia ya mtandao na vielelezo hivyo hutakiwa. Ameweka pia barua ya hospitali ambayo ni yake yeye na daktari wake. Kwa kuwa hakuna stesheneri jirani, majirani nao wamekuja kujaziwa fomu za watoto wao; walipoondoka, nakala za vitambulisho vyao zimebaki katika folda ile ile.

Katika nyumba hiyo hakuna mwizi wala hakuna adui. Hata hivyo, mjukuu anaweza kufungua daftari la kikoba akidhani ni mchezo, akafuta tarakimu moja, na faili ikajihifadhi yenyewe. Siku ya mgao mwanachama mmoja atapungukiwa na mama atatiliwa shaka mbele ya wenzake. Kijana anaweza kuusoma wasia na kununa mwaka mzima bila ya baba kujua sababu. Barua ya hospitali inaweza kupigwa picha kwa simu na kusafiri mbali zaidi kuliko binti mwenyewe alivyowahi kusafiri. Kwa hivyo kuhifadhi faili si kuwatuhumu jamaa. Ni kulinda amana za watu na kulinda mapenzi yaliyomo ndani ya nyumba.

MLANGO NA SANDUKU

Wazee wetu waliielewa tofauti ya mlango na sanduku. Mlango wa nyumba ulifungwa kuwazuia watu wa nje, lakini ndani ya nyumba kila bibi alikuwa na sanduku lake la mbao lililopigwa misumari ya shaba, lenye kufuli yake na aghlabu lenye visaraka vya siri. Hakuna aliyeona kuwa sanduku hilo ni dharau kwa mume au kwa wifi.

Kompyuta inataka kufuli mbili kama hizo, na kosa kubwa linalofanywa majumbani ni kudhani kuwa kufuli ya mlango inatosha. Neno la siri moja linalojulikana na wote ni kufuli ya mlango tu. Ukishaingia, vyumba vyote viko wazi. Waliotumia Windows 95 na Windows 98 watakumbuka kuwa hata mlango huo haukuwa mlango: kisanduku cha kuombea neno la siri kilikuwa na kitufe cha kughairi, na aliyekibonyeza aliingia bila ya kizuizi. Mifumo ya leo imeimarika sana, lakini inamlinda yule tu aliyeipanga ipasavyo.

HATUA YA KWANZA: KILA MTU NA AKAUNTI YAKE

Jambo la mwanzo ni kumfungulia kila mtu mzima na kila kijana akaunti yake ndani ya kompyuta. Katika Windows kazi hiyo hufanywa kwenye Mipangilio, sehemu ya Akaunti. Haichukui zaidi ya dakika chache na haina malipo. Kila akaunti hupewa folda zake za nyaraka, picha na vitu vilivyopakuliwa, na mtumiaji wa kawaida akijaribu kufungua folda za mwenziwe hukataliwa na mfumo. Wajukuu nao wafunguliwe akaunti moja ya michezo na masomo. Kwa hatua hii peke yake daftari la kikoba limeshakuwa mbali na vidole vya watoto.

Ni vyema ikaeleweka kuwa akaunti ziko za aina mbili. Ipo akaunti ya kawaida na ipo akaunti ya msimamizi. Msimamizi anaweza kuweka programu, kubadilisha neno la siri la mwengine na, akitaka, kufungua folda za wote. Kwa hivyo isifanywe kila akaunti kuwa ya msimamizi kama inavyotokea mara nyingi, kwani wasimamizi watano katika nyumba moja ni sawa na kutokuwa na kufuli. Akaunti ya msimamizi iwe moja, isitumike kwa kazi za kila siku, na familia ikubaliane kwa uwazi nani ashike ufunguo wake. Mwenye kuushika afahamu kuwa amepewa amana na si ruhusa ya kuchungulia.

Aidha, kila mtu ajizoeze kuifunga akaunti yake anapoinuka kwenye kiti. Katika Windows hubonyezwa kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi L. Akaunti iliyoachwa wazi mtu anapokwenda kuswali au kutazama chungu jikoni haina faida yoyote.

HATUA YA PILI: NENO LA SIRI LISILOKISIWA NA MTU WA NYUMBANI

Historia ya neno la siri ina funzo hapa, kwani lilianza kutumika kwa sababu ya kompyuta ya kushirikiana. Mwaka 1961, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) nchini Marekani, wataalamu wakiongozwa na Fernando Corbató walionesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Kila mtumiaji alikuwa na neno lake la siri ili faili zake zisiguswe na wengine. Mwaka uliofuata, mtafiti mmoja wa chuoni hapo, Allan Scherr, aliona kuwa saa alizopangiwa hazimtoshi. Aliiagiza mashine imchapishie orodha yote ya maneno ya siri, nayo ikamchapishia. Scherr mwenyewe alilieleza jambo hilo miaka mingi baadae. Hakuwa jambazi wa nje. Alikuwa mtumiaji halali aliyekuwa na haja ya saa za ziada.

Ndivyo ilivyo nyumbani. Mwizi wa mbali hajui tarehe uliyozaliwa mtoto wako wa mwanzo, lakini mtoto huyo anaijua. Majina ya watoto, namba ya simu, mwaka wa ndoa, jina la timu ya mpira na jina la kijiji ni maneno yanayokisiwa kwa urahisi na wale wale ambao kufuli inawahusu. Lililo bora ni kuunganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo mwenyewe ataweza kuyakumbuka kwa kisa alichokitunga moyoni mwake. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani (NIST), katika mwongozo wake wa mwaka 2017, ilishauri kuthamini urefu wa neno la siri na kuacha desturi ya kuwalazimisha watu kulibadilisha kila baada ya muda bila ya sababu. Libadilishwe pale linaposhukiwa kujulikana.

HATUA YA TATU: SANDUKU NDANI YA CHUMBA

Akaunti zinatosha kwa mambo mengi, lakini hazitoshi kwa yote. Msimamizi anaweza kupita. Halikadhalika, mwenye ujuzi anaweza kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwengine na kuisoma diski moja kwa moja, bila ya kuulizwa neno lolote la siri. Dawa ya hili ni kusimba, yaani kuyageuza maandishi ya faili kwa hesabu maalumu hata yasisomeke ila kwa mwenye ufunguo.

Kusimba kuko kwa namna mbili, na wananchi wasizichanganye. Namna ya kwanza ni kusimba diski nzima, kama inavyofanywa na BitLocker katika baadhi ya matoleo ya Windows na FileVault katika kompyuta za Apple. Hii ni kinga nzuri dhidi ya mwizi aliyeichukua kompyuta, lakini haiwatenganishi watu wa nyumba moja, kwa sababu kompyuta ikishawashwa na kufunguliwa diski imefunguka kwa wote waliomo. Namna ya pili ni kusimba faili au folda ya mtu mmoja, na hili ndilo sanduku hasa. Faili moja ya maandishi au ya hesabu inaweza kuwekewa neno la siri ndani ya programu yenyewe, iwe ni Word, Excel au LibreOffice. Kwa faili nyingi ipo VeraCrypt, programu isiyo na malipo iliyotolewa tangu mwaka 2013, ambayo hutengeneza faili moja kubwa inayofunguka kama diski pale tu linapotiwa neno lake la siri. Mtumiaji akimaliza kazi aifunge, kwani sanduku lililoachwa wazi halina siri.

Kwa upande mwengine, kuficha folda isionekane, au kuliita daftari la kikoba kwa jina la mapishi, si kuhifadhi. Kijana wa kidato cha pili huifichua folda iliyofichwa kwa kubonyeza mara mbili.

Tahadhari moja ni ya lazima. Sanduku lililosimbwa vizuri halina fundi wa kulivunja. Mwenye kulisahau neno la siri amezipoteza faili zake, na akifariki, warithi wake nao wamezipoteza. Kwa hivyo neno la siri la faili muhimu liandikwe katika karatasi, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na liwekwe mahali salama au kwa mtu mwaminifu. Nakala ya faili zenyewe iwekwe katika flashi, nayo iwe imesimbwa vile vile, kwani flashi hupotea upesi kuliko kompyuta.

HATUA YA NNE: KUFUTA NYAYO

Siri nyingi hazivuji kwa kuvunjwa kufuli, bali kwa nyayo zilizoachwa. Binti aliyepakua barua yake ya hospitali katika akaunti ya wote ameiacha katika folda ya vitu vilivyopakuliwa. Mjomba aliyefungua WhatsApp katika kompyuta na kuondoka bila ya kujitoa ameacha mazungumzo yake yakiendelea kuingia mezani. Na aingie katika simu yake, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, akiondoe kifaa asichokitumia. Kivinjari kinachouliza kama kihifadhi neno la siri kijibiwe hapana katika akaunti inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Mgeni anayekuja kutuma barua pepe moja atumie dirisha la mgeni, ambalo halibakishi kumbukumbu likifungwa.

Faili iliyofutwa nayo haijatoweka. Kwanza huenda katika pipa la taka la kompyuta, ambalo yeyote mwenye akaunti hiyo anaweza kulifungua. Hata pipa likimwagwa, maandishi yanaweza kubaki katika diski na kurejeshwa kwa programu maalumu. Hili lizingatiwe hasa pale kompyuta inapouzwa, inapotolewa zawadi au inapopelekwa kwa fundi. Mwaka 2008, huko Hong Kong, picha za faragha za mwigizaji Edison Chen zilienea katika mtandao baada ya kunakiliwa kutoka katika kompyuta iliyopelekwa kutengenezwa, na mwaka 2009 fundi aliyezinakili alihukumiwa kifungo. Aliyekuwa amezisimba faili zake hana khofu ya fundi. Asiyezisimba aziondoe kwanza, au akae na fundi mpaka kazi imalizike.

Kadhalika, kufuli zote hizi hazifai kitu ikiwa kompyuta yenyewe imeingiliwa na programu mbaya inayorikodi kila herufi inayobonyezwa. Mfumo usasishwe kila unapotaka kusasishwa, na flashi za kuazima zipimwe kabla ya kufunguliwa. Wenye Windows 10 wakumbuke kuwa msaada wa kawaida wa mfumo huo ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025.

FARAGHA NI HAKI NA NI ADABU

Wapo wanaoona kuwa katika nyumba ya watu wanaopendana hapana haja ya kufuli. Rai hiyo inatokana na nia njema, lakini haina nguvu. Katika Kurani Tukufu, Sura ya An-Nur, aya ya 58, zimetajwa nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani hutakiwa kuomba ruhusa kabla ya kuwaingilia wakubwa: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri na baada ya sala ya isha. Waliofundishwa adabu hiyo ni watu wa nyumba moja, wala si wageni. Faragha ndani ya familia si jambo lililoletwa na kompyuta.

Kwa upande wa sheria, Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake, na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inalinda haki hiyo katika kifungu cha 15. Sheria ya Makosa ya Mtandao, katika kifungu cha 4, inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila ya haki, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka misingi ambayo ni vyema ikafuatwa hata sebuleni: taarifa ya mtu ichukuliwe kwa kazi maalumu, itumike kwa kazi hiyo, na isiwekwe zaidi ya muda unaohitajika. Kwa mnasaba huo, yule binti wa Gare aliyewajazia majirani fomu za mkopo anatakiwa, kazi ikimalizika, awape nakala zao na kuzifuta zilizobaki. Vitambulisho vile si vyake.

NENO LA MWISHO

Mambo yaliyoelezwa hapa yanaweza kufanywa katika jioni moja. Mkuu wa kaya awakusanye watu wake, awaeleze sababu, kisha kila mmoja afunguliwe akaunti yake mbele ya wote. Akubaliwe msimamizi mmoja. Mweka hazina apewe sanduku lake lililosimbwa, na bahasha yenye neno la siri iwekwe mahali panapojulikana na mtu mmoja mwaminifu. Nakala za watu wengine zisizo na kazi zifutwe usiku huo huo.

Inasisitizwa kuwa jambo hili lifanywe kwa mashauriano na si kwa siri. Kufuli iliyowekwa kwa makubaliano huleta utulivu. Iliyowekwa kimya kimya huleta maswali. Watoto nao waelezwe kuwa nao wana folda zao ambazo mkubwa hatazifungua bila ya kuwaambia, na kwamba kwa umri wao wataendelea kuangaliwa wanayoyatazama katika intaneti. Mtoto aliyeona siri yake inaheshimiwa atajua namna ya kuheshimu siri ya mwenziwe, na hiyo ni kinga ambayo hakuna programu inayoweza kuileta.